Nguo Hupimwa Njiani

Watu wengi hudhani kwamba nguo hukaguliwa mbele ya kioo. Mtu huivaa, hugeuka kulia na kushoto, hutazama mabega na kiuno, kisha huridhika na kulipa. Kwa nguo ya arusi au ya sikukuu ukaguzi huo huenda ukatosha, kwa kuwa kazi ya nguo hiyo ni kutazamwa. Lakini ziko nguo ambazo kazi yake ni kusaidiana na mwili katika shughuli ngumu. Nguo ya mvuvi ni moja, ya mhunzi ni nyingine, na ya mwendesha baiskeli wa masafa marefu ni ya tatu. Kioo hakina elimu ya kuzihukumu nguo hizi. Hakimu wake ni njia, jua, jasho na saa nyingi. Jambo hilo sikulijua mpaka nilipomtia uchungu mtoto wa watu. Nataka kukusimulia, msomaji wangu, ili usilinunue somo hili kwa bei niliyolinunulia mimi. Au, nikisema kweli, kwa bei ambayo mwingine alinilipia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili katika Kaunti ya Kilifi. Umri wangu ni miaka 34, na kazi yangu ni kufundisha hisabati na jiografia. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu nimekuwa nikienda kazini kwa baiskeli, kwanza kwa sababu ya uhaba wa nauli, na baadaye kwa mapenzi. Mwaka 2023 nilianzisha shuleni petu chama kidogo cha waendeshaji baiskeli: wavulana sita na wasichana wawili. Baiskeli zetu ni za mtumba, zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, nasi tulizipata moja moja kwa jasho na subira. Wazazi walipoona kwamba watoto wao wanaamka mapema bila ya kuitwa, walifurahi, wakachanga fedha ili wanachama wapate sare. Fedha hizo nilikabidhiwa mimi.

Nilikwenda mjini, nikaingia katika duka moja. Humo nikavutiwa na kaptura nyeusi za kubana, pamoja na fulana nyekundu zenye mistari ya dhahabu. Nilipoigusa nguo, iling'aa; nilipoivuta, ilivutika; nilipouliza bei, ilikuwa nafuu. Nikauliza tena kama inafaa kwa safari ndefu. Muuzaji akanijibu, "Mwalimu, hizi ndizo wanazovaa mabingwa." Sikumwuliza ni bingwa gani. Nililipa, nikafunga mzigo wangu, nikarudi nyumbani nikiwa mwingi wa furaha. Wazee wetu walikwisha kunena juu ya uzuri wa mkakasi, lakini siku ile sikuwakumbuka wazee.

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari mwaka 2024 tuliondoka Kilifi alfajiri kwenda Gede, mwendo wa kilomita 40 na zaidi, kisha turudi. Njia ile ni tambarare na nzuri. Mtu hupita minazi na mikorosho, na akikaribia Gede huuona msitu wa Arabuko Sokoke umesimama kwa upande wa kushoto, hali Hori ya Mida imejificha kwa upande wa kulia. Lakini Februari ni mwezi wa kaskazi, na upepo ule ulitupiga usoni. Jua lilipopanda, joto likawa kali, na hewa ikajaa unyevu kama hewa ya jikoni.

Miongoni mwetu alikuwamo kijana mmoja wa kidato cha pili, mwembamba, mpole, mwenye miguu mirefu. Katika mazoezi mafupi hakuna aliyempita. Siku ile, kabla hatujafika Matsangoni, alianza kubaki nyuma. Nilipunguza mwendo nikamngoja.

"Mwalimu, naomba tupumzike kidogo," alisema.

"Bado ni mapema, mwanangu," nilimjibu. "Vumilia. Mvumilivu hula mbivu."

Hakusema neno. Baada ya muda nilimwona amesimama juu ya pedali, akiendesha baiskeli bila ya kukaa kitini. Alikaa, akasimama, akakaa tena, akasimama. Nikaona kwamba anafanya mchezo, au anataka kuwaonyesha wenziwe jinsi alivyoudhika. Nikampigia kelele mbele ya wote, "Kaa kitini! Unapoteza nguvu bure!" Kijana akakaa. Uso wake ulikunjamana, nami nikakisoma kikunjo kile kuwa ni kiburi. Hivyo ndivyo tulivyokwenda Gede, na hivyo ndivyo tulivyorudi.

Jumatatu hakuja shuleni. Jumanne pia hakuja. Jumatano jioni nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha kwa adabu, akanipa kiti, akaniletea maji ya kunywa. Kijana alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka. Ngozi ya mahali anapokalia ilikuwa imechubuka vibaya, na chubuko moja lilikuwa limetunga usaha. Walikuwa wametoka zahanati kusafishwa kidonda.

"Mwalimu," mama alisema kwa sauti ya chini, "mtoto huyu hajui uvivu. Huchota maji kabla ya adhana ya alfajiri, kisha huenda shule. Nilimwuliza kwa nini hakushuka katika baiskeli alipoona anaumia. Aliniambia kwamba mwalimu amesema avumilie."

Nimepata kulaumiwa na wakubwa wangu kazini, na nimepata kusemwa vibaya na watu sokoni. Hapana lawama iliyoniingia moyoni kama maneno yale yaliyosemwa bila ya hasira. Chuoni tulifundishwa jinsi ya kupima akili ya mwanafunzi, maendeleo yake na tabia yake. Hatukufundishwa kwamba kabla ya kuipima tabia ya mtu yafaa kwanza kupima kile alichokalia na kile alichovaa.

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Basi niliazimia kukilalia kitanda hicho. Jumamosi iliyofuata nilivaa kaptura ya aina ileile, ya kipimo changu, nikashika njia ileile kwa mwendo uleule, peke yangu. Kilomita kumi za kwanza sikuona kitu. Ilipofika ya kumi na tano nilihisi kama uzi umelazwa kati yangu na kiti. Ya ishirini na tano, uzi ule ukawa kamba ya katani. Nilipokaribia Mida nikajikuta nimesimama juu ya pedali, karibu na pale aliposimama yule kijana, na hapakuwa na mtu wa kunipigia kelele nikae.

Nilipofika nyumbani niliigeuza kaptura ndani nje, nikaitazama kama inavyotazamwa hesabu iliyokosewa. Waendeshaji wa masafa hawavai nguo nyingine chini ya kaptura hii. Ndani yake hushonwa mto mwembamba wa sifongo, uliofunikwa kitambaa laini, ili uzito wa mwili usiiangukie mifupa miwili ya makalio peke yake. Mto wa kaptura yetu ulikuwa kipande kimoja cha sifongo kilichokatwa ovyo. Nilipoubonyeza kwa kidole gumba, ulibonyea mpaka chini na hukurudi upesi. Mshono mnene ulipita katikati, mahali penye uzito mkubwa kabisa. Juu ya hayo, sikuwa nimewaambia watoto wasivae nguo nyingine ndani, kwa kuwa hata mimi sikujua. Kwa hiyo yule kijana alikuwa na mishono miwili badala ya mmoja. Jasho liliilowesha ngozi ikalainika, mshono ukaisugua kwa kila mzunguko wa pedali. Mtu aendaye kwa wastani wa mizunguko 80 kwa dakika hupiga mizunguko 4,800 kwa saa moja. Hesabu mwenyewe, msomaji, ni mara ngapi kijana yule alisuguliwa katika saa nne. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na sikuwa nimeifanya hesabu hiyo.

Tangu siku ile nilianza kujifunza habari za nguo hizi. Niliona kwamba watu wengine waliumia kabla yetu, na kila sehemu ya nguo ina sababu yake. Zamani washindani wa Ulaya walivaa fulana na kaptura za sufu. Sufu ina wema wake, kwa kuwa huhifadhi joto hata ikilowa; lakini ikishiba maji huwa nzito na kulegea. Ndani ya kaptura ilishonwa ngozi laini ya mnyama, ambayo ikifuliwa na kukauka ilikakamaa, ikabidi kulainishwa kwa mafuta kabla ya kuvaliwa tena. Hata ile fulana ya manjano ya kiongozi wa mashindano makuu ya Ufaransa, ambayo ilivaliwa kwanza mwaka 1919, ilikuwa ya sufu. Mwaka 1958 mkemia Joseph Shivers, wa kampuni ya DuPont huko Marekani, alivumbua uzi wenye uwezo wa kuvutika mara kadhaa ya urefu wake na kurudi kama ulivyokuwa. Uzi huo, unaojulikana sana kwa jina la Lycra, ndio uliozipa kaptura za leo sifa ya kuushika mwili bila ya kuufunga.

Elimu hiyo iliniongoza katika vipimo, nami nikawaita wanafunzi wote tupime pamoja. Tulivigawa vipimo vyetu katika mafungu matatu: kwanza kukaa kwa nguo mwilini, pili raha ya mvaaji, na tatu uimara wa nguo yenyewe.

Kukaa kwa nguo mwilini hakupimwi kwa kusimama. Mwendesha baiskeli hasimami. Ameinama, mikono yake imetangulia mbele na mgongo wake umelala. Fulana inayompendeza aliyesimama humwacha kiuno wazi akiinama. Kwa sababu hiyo fulana nzuri ya baiskeli ni ndefu nyuma na fupi mbele, na mifuko yake imewekwa mgongoni, maana mfuko wa kifuani ungening'inia na kumwaga kilichomo. Kaptura iliyo bora haifungwi kiunoni kwa lastiki. Ina kanda mbili pana zinazopita mabegani, ili tumbo lipate kupumua. Mtu akiivaa kanda hizo na kusimama wima, huona kama zinamvuta chini, akadhani nguo ni ndogo. Akipanda baiskeli na kuinama, kanda hukaa sawa. Wengi huirudisha dukani nguo iliyowafaa kwa sababu wameijaribu wakiwa wima. Kwa hiyo tuliweka sheria: kila nguo ijaribiwe juu ya baiskeli iliyoegemezwa ukutani, kwa dakika kumi, mikono ikiwa usukanini. Katika dakika hizo tulitazama kama mapaja yamekatwa na lastiki, kama kaptura inapanda juu, kama kitambaa kimejikunja nyuma ya goti, na kama mto umekaa chini ya mifupa au umehama.

Tulijifunza pia kwamba nguo iliyolegea si ya starehe kama inavyodhaniwa. Mahali palipojikunja ndipo panapochubua. Tena, katika njia tambarare, mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu za mwendeshaji hutumika kuisukuma hewa. Na mwendo ukiwa maradufu, ukinzani wa hewa huwa mara nne. Shati linalopepea mgongoni kama tanga hukupunguzia mwendo kwa nguvu zako mwenyewe. Mvuvi hushusha tanga upepo ukimjia mbele. Iweje mwendeshaji atweke lake?

Fungu la pili ni raha, na katika pwani yetu raha ni habari ya jasho. Tulitungika chini ya mwembe fulana mbili zilizoloweshwa na kukamuliwa sawasawa, moja ya pamba na nyingine ya poliesta iliyofumwa kwa matundu madogo. Ile ya poliesta ilikauka kipindi kimoja cha masomo kilipokwisha. Ya pamba ilikuwa ingali na maji mpaka kengele ya chakula cha mchana. Sababu yake ni nyepesi. Pamba huyanywa maji na kuyashika ndani ya nyuzi zake. Poliesta hainywi karibu chochote, bali huyatandaza maji juu ya uso wake ili hewa iyachukue. Jasho halimpozi mtu kwa kutoka mwilini, humpoza kwa kugeuka kuwa mvuke. Jasho linalodondoka chini, au linalobaki katika shati zito, limepotea bure kama maji ya mtungi uliovuja. Hata hivyo sitaki kuisingizia pamba. Kwa kukaa barazani jioni, pamba haina mshindani. Kila nguo na kazi yake.

Katika fungu hilo tuliitia mishono. Kila mwanafunzi alifumba macho akapitisha ukucha wake ndani ya nguo. Mshono mzuri ni bapa. Ukucha hupita juu yake kama mtumbwi juu ya maji matulivu. Mshono mbaya huushika ukucha na kuuzuia. Ukucha ukizuiwa mara moja, ngozi itazuiwa mara elfu.

Fungu la tatu ni uimara. Tulivuta kitambaa kwa mikono miwili mbele ya dirisha, tukatazama mwanga. Kitambaa kinachoonyesha mkono wa upande wa pili kikivutwa hakina sitara, nacho kitazidi kukonda siku zikipita. Tukakiachia, tukatazama kama kimerudi mara moja au kimebaki na tumbo. Tuliubonyeza mto kwa kidole gumba na kuhesabu moja, mbili, tatu. Tulikagua zipu kwa kuipandisha na kuishusha kwa mkono mmoja, kwa kuwa njiani mkono wa pili una kazi ya usukani. Mwisho tulifua. Nguo hizi hazipendi maji ya moto, wala dawa ya kung'arisha nguo, wala pasi, wala kuanikwa juani siku nzima, maana hayo yote huuvunja ule uzi unaovutika. Hufuliwa kila baada ya safari kwa sabuni ya kawaida, hugeuzwa ndani nje, na huanikwa penye kivuli na upepo mpaka mto ukauke kabisa. Mto wenye unyevu ni shamba la vijidudu.

Fedha za wazazi zilikuwa zimekwisha, na sikuwa na uso wa kuomba nyingine. Nilitoa katika mshahara wangu, nikaenda soko la Kongowea, Mombasa, penye mitumba ya kila namna. Safari hii nilifuatana na wanafunzi wawili. Watu walitucheka walipotuona tunapitisha kucha na kubonyeza kwa vidole gumba kama waganga. Katika marundo yale tulichambua nguo nyingi mno, nyingine zenye majina makubwa, tukazikataa zilizo nyingi. Mtumba uliochoka hutambulikana: lastiki yake imekuwa kama tambi iliyopikwa. Bali mtumba ulio hai una sifa ambayo nguo mpya haina, kwa kuwa umekwisha kufaulu mtihani mmoja. Tulipata kaptura nane. Fundi wa cherehani wa kijijini kwetu alizipunguza zilizozidi, nasi tukamsimamia ili asipitishe mshono mahali pa kukalia. Alipokwisha kuelewa sababu, yeye ndiye aliyetukumbusha.

Kulikuwa na jambo la heshima pia, ambalo halipimwi kwa ukucha. Kijiji chetu kina wazee, na nguo ya kubana si nguo ya kuwapitia wazee barazani. Wasichana wetu wawili walikuwa na haja zaidi ya hapo. Suruali pana walizokuwa wakivaa ziliwasitiri, lakini siku moja pindo lilikamatwa na mnyororo, na mmoja wao alianguka. Niliwaomba waamue wenyewe pamoja na mama zao. Wakamwendea fundi, wakashonewa suruali ndefu za kitambaa cha kuvutika, zilizobana kifundoni, na juu yake vazi jepesi linalofika magotini, lililopasuliwa pembeni. Wavulana nao, na mimi mwalimu wao, tulianza kuvaa kaptura pana juu ya ile ya kubana tunapopita vijijini. Sitara na usalama si maadui. Hugombana pale tu mtu mmoja anapowaamulia wengine.

Rangi tuliipima kwa kusimamishana uwanjani. Mchana, fulana ya manjano kali ilionekana kabla ya nyingine zote. Jioni jua lilipokuchwa, ile nyekundu yangu yenye mistari ya dhahabu ilitoweka ya kwanza, ikawa nyeusi. Na manjano kali nayo hupoteza ukali wake gizani, maana huutegemea mwanga wa jua. Usiku ni utepe wa kurudisha mwanga unaokomboa, na bora ufungwe miguuni, kwa kuwa miguu hupanda na kushuka, na jicho la dereva huvutwa na kitu kinachocheza. Tulishona tepe hizo katika soksi za kila mmoja. Juu ya kofia ngumu sikukubali mjadala. Hata mabingwa walikuwa wakiipinga, mpaka chama cha baiskeli cha dunia kilipoilazimisha mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kufa kwa jeraha la kichwa katika mashindano huko Ufaransa, akiwa hakuivaa.

Kijana wetu alipona baada ya majuma matatu. Nilimwita mbele ya wenziwe, mahali palepale pa kukutania alfajiri, nikamwambia: "Nilikupigia kelele mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba radhi. Ulikuwa unaumia, nami nikakuita mvivu moyoni mwangu." Alitazama chini, akasema, "Yamekwisha, Mwalimu." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini, Mwalimu, mtu akisimama juu ya pedali, umwulize kwanza." Wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini maneno yale nimeyaandika katika daftari langu la maandalio ya masomo, katika ukurasa wa kwanza.

Mwezi wa Julai mwaka huo, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mashindano ya Ufaransa na kuipata fulana ya kijani; hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa amepata kushinda hatua hata moja kabla yake. Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia yakaja Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Tuliyatazama shuleni, tumeizunguka kompyuta moja. Mwanafunzi mmoja alipoona nguo za washindani zilivyowakaa kama ngozi ya pili, aliuliza, "Mwalimu, je, nguo ndizo zinazowashindisha?"

Kabla sijajibu, yule kijana wetu alijibu. "Nguo haimpi mtu miguu," alisema. "Lakini nguo mbaya humnyang'anya miguu aliyo nayo."

Sikuwa na la kuongeza. Siku chache baadaye tulikwenda Gede tena, na katika kurudi kusi ilikuwa haijaisha, ikitujia usoni. Kijana yule aliongoza, amekaa kitini mwake kwa utulivu, mgongo wake umelala, kilomita baada ya kilomita. Nilikuwa nyuma yake, nikijitahidi nisiachwe. Karibu na Matsangoni aligeuka, akaniona nimesimama juu ya pedali.

"Mwalimu," aliniita, "unaumia wapi?"

Nilikuwa nimechoka tu. Lakini alipunguza mwendo mpaka alipolipata jibu langu.